Mwenye timu, ulimi wake na matendo yake

Usiku wa Juni 25, 2009, jijini New York, kijana wa Dar es Salaam aitwaye Hasheem Thabeet alisikia jina lake likitajwa la pili katika drafti ya NBA. Akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo iliyo kubwa kuliko zote za mpira wa kikapu. Memphis Grizzlies ndio waliomchukua. Jina lililotangulia lake lilikuwa la Blake Griffin, kijana wa Oklahoma, aliyechukuliwa na Los Angeles Clippers.

Hakuna kati yao aliyechagua aendako. Drafti ndivyo ilivyo: timu ndiyo inayoita, na aliyeitwa huenda kwa aliyemwita, la sivyo akatafute riziki nje ya ligi. Zamu za kwanza za kuita huamuliwa kwa bahati nasibu baina ya timu zilizofanya vibaya msimu uliotangulia. Mwaka ule bahati iliwaangukia Clippers kwanza, Grizzlies wakafuata. Kama ingeanguka kinyume chake, huenda Thabeet ndiye angevaa jezi ya Clippers, na mwajiri wake angekuwa bwana mmoja anayeitwa Donald Sterling.

Nimeanza na drafti kwa makusudi. Wamarekani wamebishana kwa miaka mingi kama ni haki mtu kunyimwa timu, au kunyang'anywa aliyo nayo, kwa sababu ya maoni yake. Wanaojibu haraka kwamba maoni ni mali ya mtu na fedha ni zake humfikiria mnunuzi peke yake. Mchezaji wanamsahau. Fundi asiyependa matusi ya bosi wake anaweza kuvuka barabara akaajiriwa na mwingine. Kijana wa drafti hana barabara ya kuvuka. Amepangiwa bosi, na katika miaka yake ya kwanza bosi huyo ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kazi yake.

Mwaka huohuo wa 2009 Marekani ilipata visa viwili, kimoja Oktoba na kingine Novemba. Ukiviweka pamoja utaona jinsi wenye ligi wanavyopima watu, na kwa nini nasema kipimo chao kimepinda.

Cha Oktoba kilimhusu Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio aliyesikilizwa na mamilioni ya Wamarekani wa mrengo wa kulia. Timu ya futiboli ya Kimarekani ya St. Louis Rams ilikuwa inauzwa, na Limbaugh alijiunga na kundi la wanunuzi lililoongozwa na Dave Checketts. Habari ilipotoka, moto ukawaka. Watu walikumbushana kwamba mwaka 2003 alilazimika kuacha kazi yake katika televisheni ya ESPN baada ya kusema kuwa Donovan McNabb, mchezaji Mweusi aliyekuwa akiongoza mashambulizi ya timu ya Philadelphia, alikuwa anasifiwa kupita kiasi kwa sababu waandishi wa habari walitamani kuona mtu Mweusi akifaulu katika nafasi ile. Walikumbuka pia siku alipoufananisha mchezo wa NFL, ligi ya futiboli hiyo, na ugomvi wa magenge mawili ya wahalifu wa Los Angeles.

DeMaurice Smith, kiongozi wa chama cha wachezaji, alimpinga hadharani. Kamishna wa ligi, Roger Goodell, alisema maneno ya kugawa watu hayana nafasi kwenye NFL. Jim Irsay, mmiliki wa Indianapolis Colts, alitamka mapema kwamba kura yake haitampata. Oktoba 14, Checketts akamwondoa Limbaugh kwenye kundi. Hakuna kura iliyopigwa wala kikao kilichokaa kumsikiliza.

Katika heka heka zile palitokea jambo baya ambalo waliompinga hawapendi kulikumbuka. Yalisambazwa maneno ya kusifu utumwa, yakidaiwa kuwa ya Limbaugh, na hakuna aliyeweza kuonyesha aliyasema lini wala wapi. Vyombo vikubwa vya habari viliyarudia, na baadhi ya watangazaji wakalazimika kuomba radhi. Mimi simpendi Limbaugh kwa lolote alilosema kuhusu watu Weusi, na aliyosema kweli yalitosha kuwafanya wachezaji wamkatae. Lakini mtu akihukumiwa kwa ulimi wake, basi ahukumiwe kwa alichotamka. Kumzushia ni dhulma, hata awe nani, na dhulma ile iliwapa wafuasi wake sababu ya kudai kwamba shutuma zote zilikuwa uzushi.

Mwezi uliofuata, Novemba 2009, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba Donald Sterling, wakili aliyetajirika kwa nyumba za kupangisha jijini Los Angeles, amekubali kulipa dola milioni 2.725 kumaliza kesi ya ubaguzi iliyofunguliwa mwaka 2006. Serikali ilimtuhumu kwamba katika baadhi ya majengo yake walikataliwa wapangaji Weusi na familia zenye watoto. Sterling alilipa bila kukiri kosa. Wizara ilisema hicho kilikuwa kiasi kikubwa kuliko chochote ilichowahi kupata katika kumaliza kesi ya ubaguzi wa upangishaji wa nyumba.

NBA ilifanya nini? Haikumtoza faini, haikumsimamisha hata mechi moja. Griffin alikuwa ameshasaini mkataba, na Sterling aliendelea kukaa kwenye kiti chake cha mbele uwanjani. Miaka kadhaa baadaye Griffin aliandika jinsi tajiri yule alivyomshika mkono kwenye sherehe yake na kumzungusha kwa wageni, mmoja baada ya mwingine, kumwonyesha.

Ligi hizi ni mbili tofauti, nakubali, na zina makamishna tofauti. Lakini matajiri wanaozimiliki ni wa tabaka moja na desturi yao ni moja. Katika muda wa wiki chache, mtu wa maneno alifungiwa mlango hata kabla ya kubisha hodi, na aliyeshitakiwa na serikali yake kwa kuwanyima watu mahali pa kulala akaachwa na timu yake. Hapo ndipo ugomvi wangu na wenye ligi ulipo.

Wako wanaosema kwamba kumzuia mtu kununua timu kwa sababu ya maoni yake ni kuvunja katiba ya Marekani. Hawasemi kweli. Katiba ile inaizuia serikali kumwadhibu mtu kwa kauli yake. NFL na NBA ni ushirika wa watu binafsi, wanaogawana mapato ya televisheni, wanaopanga ratiba pamoja, na wanaopokea mwenzao mpya kwa kura ya robo tatu ya wamiliki. Kila anayeingia anakubali masharti hayo kwa hiari. Hakuna aliyezaliwa na haki ya kumiliki timu.

Ila ushirika huo una sura nyingine. Viwanja vyao vingi vimejengwa kwa kodi za wananchi. Timu hubeba jina la mji, na mji hujiona umeshinda timu inaposhinda. Mali ya namna hii si kama kiwanda cha sabuni, na ndiyo maana watu wa mji, wachezaji na hata wauza vitafunwa wa uwanjani wana haki ya kuuliza: anayekuja ni nani, na amewafanyia nini watu waliokuwa chini yake?

Turudi kwa Sterling. Aprili 25, 2014, mtandao wa TMZ ulirusha sauti yake akimkaripia rafiki yake wa kike kwa kupiga picha na Magic Johnson, nyota Mweusi wa zamani wa mpira wa kikapu, na kuiweka Instagram, na kumtaka asiwalete watu Weusi kwenye mechi zake. Clippers walikuwa katikati ya mechi za mtoano dhidi ya Golden State Warriors. Siku mbili baadaye, mjini Oakland, wachezaji walivua fulana zao za mazoezi, wakazitupa katikati ya uwanja, wakapasha misuli wakiwa wamegeuza nguo nje ndani ili jina la timu lisionekane. Wadhamini wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Wachezaji wa timu kadhaa wakajiandaa kugoma.

Aprili 29, Adam Silver, kamishna wa NBA aliyekuwa na miezi mitatu tu kazini, alimfungia Sterling maisha na kumtoza faini ya dola milioni 2.5. Akaahidi kuwashawishi wamiliki wenzake wampigie kura ya kumwondoa. Nchi nzima ilimpigia makofi.

Mimi pia naona uamuzi ule ulikuwa sahihi. Ulifika, hata hivyo, kwa njia mbaya na kwa kuchelewa. Sauti ile ilirekodiwa ndani ya nyumba, katika ugomvi wa faragha. Mark Cuban, mmiliki wa Dallas Mavericks wakati huo, aliyaita maneno yale machukizo, kisha akaonya kwamba kumng'oa mtu kwa alichosema nyumbani kwake ni kufungua mlango usiojulikana unaishia wapi. Baadaye aliunga mkono adhabu ya Silver. Onyo lake hata hivyo lilikuwa na uzito. Kareem Abdul-Jabbar, nyota wa zamani wa NBA aliyefunga pointi nyingi na kushinda mataji mengi, aliandika siku zile akishangaa kwamba watu wamestuka sasa, ilhali habari za Sterling na wapangaji wake zilikuwa wazi kwa miaka.

Kama NBA ingemwadhibu mwaka 2009 kwa yaliyotendeka katika majengo yake, isingehitaji sauti ya chumbani mwaka 2014. Kesi ya wapangaji ilikuwa na hati za mahakama, ilikuwa na watu waliokataliwa nyumba, ilikuwa na malipo ya mamilioni. Kilichokosekana ni mdhamini wa kutishia kuondoka. Waliokosa nyumba hawakuwa na biashara ya kususia, wala kamera za kuwafuata. Ligi ilisubiri mpaka ubaguzi uleule ulipoanza kuila fedha yake, ndipo ikagundua kuwa ni dhambi.

Na adhabu yenyewe, tuitazame vizuri. Sterling aliinunua Clippers mwaka 1981, ikiwa bado San Diego, kwa takriban dola milioni 12.5. Agosti 2014, baada ya mkewe Shelly kupata idhini ya mahakama kuendesha mauzo kupitia amana ya familia, timu ilikwenda kwa Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, kwa dola bilioni 2. Aliyefukuzwa aliondoka na utajiri ambao hajawahi kuuona. Mwaka 2022 ikatokea hivyohivyo Phoenix. Uchunguzi ulionyesha kwamba Robert Sarver, mmiliki wa Suns, alitumia lugha ya kibaguzi na kuwatendea vibaya wafanyakazi wake, wakiwamo wanawake. NBA ilimsimamisha mwaka mmoja na kumtoza dola milioni 10. Wachezaji na wadhamini walipolalamika kuwa adhabu ni ndogo, akaamua kuuza, na timu ikathaminiwa kwa dola bilioni 4. Kwa hiyo wanaolia kwamba matajiri hawa wamenyang'anywa mali zao wapunguze sauti. Waliumia heshima. Mfuko ulijaa.

Kuna na wale ambao hawakuguswa kabisa. Oktoba 2017, wamiliki wa NFL walipokutana kujadili wachezaji waliokuwa wakipiga goti wakati wa wimbo wa taifa, Bob McNair wa Houston Texans alisema hawawezi kuacha wafungwa waendeshe gereza. Wachezaji wake wengi walikuwa Weusi. Aliomba radhi, akabaki na timu mpaka alipofariki mwaka uliofuata. Colin Kaepernick, mchezaji aliyeanzisha kupiga goti mwaka 2016 kupinga polisi kuwaua watu Weusi, hajacheza mechi hata moja ya NFL tangu msimu ule ulipokwisha. Mmoja alikuwa na maoni na timu, akabaki na vyote. Mwingine alikuwa na maoni na kipaji, akabaki na maoni. Wale wanaotetea uhuru wa kauli wa mwenye timu na kukaa kimya kuhusu wa mchezaji, uhuru sio wanaoutetea. Wanamtetea tajiri.

Sasa wasomaji walio mashabiki wa Arsenal wavumilie kidogo. Timu ya Rams ambayo Limbaugh alikataliwa ilichukuliwa mwaka 2010 na Stan Kroenke, yuleyule anayemiliki Arsenal. Ni mtu mkimya, asiyejulikana kwa kauli za kuchukiza. Januari 2016, wamiliki 30 kati ya 32 walimpa ruhusa ya kuihamishia timu Los Angeles. St. Louis, mji uliojenga uwanja kwa fedha za umma ili kupata timu, ukabaki na uwanja mtupu. Mji ulifungua kesi, na mwaka 2021 ligi na Kroenke wakakubali kulipa dola milioni 790 kuimaliza. Ukimuuliza shabiki wa St. Louis ni tajiri yupi alimuumiza, atakutajia aliyekaa kimya. Kipimo cha ligi kilitazama ulimi, na ulimi wa Kroenke haukuwa na doa.

Uingereza wana mtihani wa wamiliki na wakurugenzi wa klabu, unaoangalia hukumu za jinai, kufilisika na mengine ya namna hiyo. Machi 2023 Ligi Kuu iliongeza ukiukaji wa haki za binadamu, mwaka na nusu baada ya mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia kununua asilimia 80 ya Newcastle United. Roman Abramovich alimiliki Chelsea kwa miaka karibu 19, na mashabiki wake hapa kwetu ni wengi. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, serikali ya Uingereza ilizuia mali zake kwa sababu ya ukaribu wake na Putin, na ligi ikamwondolea sifa ya kuwa mkurugenzi. Ukaribu huo haukuzaliwa mwezi ule. Kwa upande wa maneno, Dave Whelan wa Wigan Athletic aliongea vibaya kuhusu Wayahudi na Wachina katika mahojiano ya gazeti mwaka 2014. Chama cha soka kikamfungia wiki sita na faini ya pauni 50,000, akabaki na klabu. Kwa mtu ambaye kosa lake lilikuwa kauli, naona ile ndiyo adhabu iliyolingana na kosa.

Basi msimamo wangu ni huu. Mtu asizuiwe kumiliki timu kwa sababu anapinga kodi, au anampenda mwanasiasa nisiyempenda, au ana imani ya dini ambayo jirani yake anaiona ya ajabu. Tukianza kuchuja matajiri kwa siasa zao, kila upande utakaposhika kamati utafukuza wa upande mwingine, na timu zitakuwa matawi ya vyama. Lakini anayetamka kwamba watu wa rangi fulani au kabila fulani ni duni, kisha anataka kununua mkataba wa vijana wa rangi hiyo ambao hawana uwezo wa kumkataa, huyo ametangaza jinsi atakavyowatendea. Kwake maoni yameshakuwa masharti ya kazi. Wachezaji wa NFL waliomkataa Limbaugh walikuwa katika haki yao, na ninawaunga mkono kwa moyo wote.

Juu ya hilo, matendo yatangulie maneno katika kila upekuzi. Mtu aulizwe amewalipaje wafanyakazi wake, amewafukuzaje, ameshitakiwa kwa nini na akalipa kiasi gani, kabla ya kuulizwa alimwambia nini rafiki yake usiku. Aulizwe kabla ya mauzo, faili likiwa mezani, wakati bado inawezekana kumwambia hapana bila kumlipa mabilioni aondoke.

Haya yanatuhusu sisi kwa sababu klabu zetu zinapita katika njia hiyo sasa hivi. Simba na Yanga zilipoanza kuelekea kwenye mfumo wa hisa, serikali ya Tanzania iliweka kanuni kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasivuke 49. Wajerumani wana kanuni inayofanana na hiyo tangu 1998, inayowaachia wanachama kura nyingi. Ni kinga nzuri kuliko kamishna yeyote, kwani inampa neno mtu wa kawaida, ambaye kule St. Louis hakuwa nalo. Ila asilimia 51 haina kazi mikononi mwa mwanachama anayeshangilia kila tajiri anayeahidi mshambuliaji mpya na basi jipya.

Mwanachama mwenye kadi, kabla hujanyoosha mkono kwenye mkutano mkuu, uliza mwekezaji huyu anawatendeaje watu wa viwandani kwake, kama analipa mishahara kwa wakati, na kama amewahi kushitakiwa na waliomfanyia kazi. Dai majibu kwa maandishi, na uyadai kabla mkataba haujasainiwa.